Makopo Bila Lebo

Katika duka la bei nafuu lililo jirani na kwetu, hakuna mtu anayemfuata Bwana Njano. Watu hutokea tu kuwa na haja na rafu anayoikaribia. Yeye ndiye mfanyakazi anayezunguka kila asubuhi na kimashine cha kubandika stika za njano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe yake ya mwisho, na stika ikishabandikwa, bei inashuka hadi nusu. Kabla hajabandika, hugusi. Humwombi. Unasimama nyuma yake kidogo unasoma maelezo ya chupa ya siki kana kwamba ni barua ya mchumba. Nimewahi kumwona mwalimu mkuu mstaafu wa shule yetu akiisoma siki hiyo kwa makini kuliko alivyowahi kusoma insha zetu, kisha akaondoka na kuku mzima.

Nina shahada ya uchumi. Mpaka sasa nimeitumia katika duka hilo tu, huku nikisubiri kazi, lakini nimeitumia vizuri. Najua kwamba juisi ya embe ya pakiti iliyobonyea pembeni ina ladha ileile ya pakiti iliyonyooka. Najua kwamba makopo ya chapa ya duka lenyewe, yale ya karatasi nyeupe yenye neno moja jekundu, MAHARAGE, basi, bila picha ya shamba wala ya familia inayocheka, yana maharage mengi kuliko yale ya picha. Niliyamwaga kwenye mizani nikahakikisha. Ninaamini kwa dhati kwamba mtu anaweza kula vizuri kwa pesa kidogo, na kwamba hilo si jambo la kuonea haya.

Baba alikuwa na imani tofauti kidogo. Alikula vyote nilivyoleta na kusifu, lakini mifuko ya duka lile aliikunja na kuificha nyuma ya friji, ili majirani wasiione kwenye pipa la taka.

Siku hizo tulikuwa watatu nyumbani. Mama alikuwa amesafiri kwenda kumsaidia dada yangu aliyejifungua, akatuachia Bibi, ambaye ni mama mzazi wa Baba. Habari hizo zilimfikia Shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na kazi yake ni kukagua majiko ya hoteli. Wapishi wenye kofia ndefu hushika ukuta akivuta droo. Alipiga simu, na Baba akaiweka kwenye spika kwa sababu alikuwa ameshika bisibisi. Baba ni fundi wa friji, na hata wakati hana friji ya kutengeneza hupenda kuwa na bisibisi mkononi.

"Nani anampikia mama?" Shangazi aliuliza.

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na mwanao."

Tulimsikia Shangazi akivuta pumzi.

"Nakuja Jumamosi mchana," alisema. "Nitakula mnachomlisha. Nisiporidhika, naondoka naye."

Simu ilipokatika tulimtazama Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akichambua mchele.

"Mimi ni mzigo tu," alisema. "Nitakwenda nitakakobebwa."

"Usiseme hivyo, Bibi."

"Na wewe mume wangu usinune. Ukinuna unafanana na babu yako, na yule nilimzika."

Bibi ananiita mume wake tangu nizaliwe. Mchana, Baba akiwa kazini, tunabaki mimi na yeye jikoni. Yeye anachambua, mimi napika, na tunabishana kuhusu chumvi. Nilitaka kazi, naam, na kila wiki nilituma maombi. Lakini nilipofikiria kiti kile karibu na dirisha kikiwa kitupu, ilikuwa kana kwamba barua zote za kukataliwa zimefika siku moja.

Nikapanga chakula cha Jumamosi kama mtu anayetetea tasnifu. Wali. Maharage kwa mchuzi wa nyanya. Njegere na viazi. Mwisho, mananasi. Vyote isipokuwa mchele na viazi vilikuwa tayari kabatini, ndani ya makopo ya karatasi nyeupe, yote ya ukubwa mmoja. Nilikuwa nimeyanunua kwa mpigo siku duka lilipokuwa linapunguza akiba.

Jumamosi asubuhi, nilipokuwa nampelekea Bibi chai, niliona mfuko wake wa safari chini ya kitanda. Ulikuwa umefungwa zipu. Kanga aliyokuwa akiitundika nyuma ya mlango haikuwepo. Sikuuliza. Nilienda dukani kutafuta mkate na juisi, nikasimama nyuma ya Bwana Njano nikiisoma siki bila kuona herufi hata moja. Alipobandika stika kwenye pakiti za juisi ya embe, mama mmoja mwenye kikapu alinigusa begani.

"Chukua, kijana. Leo unaonekana una mgonjwa."

"Nina mgeni."

"Basi chukua mbili."

Niliporudi, Baba alikuwa jikoni amekunja mikono ya shati. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji ya moto, na juu ya meza, makopo yote yakiwa yamepangwa mistari, yanang'aa kama vikombe vya ligi. Hayakuwa na karatasi hata moja.

"Nimekusaidia," alisema.

Niliweka mfuko chini taratibu.

"Baba, lebo ziko wapi?"

"Zilikuwa zinapiga kelele. Mtu akifungua kabati tu, anajua tumenunua wapi. Dada yangu angeona neno moja jekundu, asingekula hata maji. Sasa ni makopo tu, kama makopo ya watu wengine."

"Na utajuaje lipi ni la nini?"

Baba alitazama meza. Alitazama kwa muda, kama anavyoitazama friji ambayo mwenyewe ameifungua na bado haijampa sababu.

"Ulikuwa umeyapanga kwa mpangilio," alisema hatimaye.

"Na wewe?"

"Mimi niliyatia yote kwenye beseni."

Lebo zenyewe zilikuwa zimeshakuwa uji mweupe, na uji alikuwa ameshaumwaga kwenye choo, kwa usiri. Nilichukua kopo moja nikalitikisa. Lilitoa sauti ya kitu kilicho ndani ya maji. Nikatikisa la pili. Lilitoa sauti hiyohiyo. Bibi aliyekuwa mlangoni akaomba apewe moja, akaliweka sikioni.

"Njegere," alisema.

Nilifungua. Yalikuwa mananasi.

Hapo mlango ukagongwa.

Shangazi alisalimia, akamkumbatia Bibi, akampapasa mikono kuona kama amekonda, kisha akaingia jikoni moja kwa moja. Mguu wake unajua njia ya jikoni katika nyumba yoyote. Alivuta droo. Alipitisha kidole juu ya friji. Alifungua bomba na kulifunga. Akafika mezani.

"Hivi ni nini?"

"Makopo," Baba alisema.

"Ya nini?"

"Ya chakula."

"Chakula gani, mdogo wangu?"

"Mchanganyiko."

Shangazi alichukua kopo moja akaligeuza chini juu. Mimi sikuwa nimefikiria kitako cha kopo. Yeye alivaa miwani na kusoma tarehe iliyogongwa pale kwenye bati, akalirudisha, akachukua jingine. Alisoma yote. Tulisimama tukimngoja kama watu walioletewa majibu ya vipimo.

"Tarehe zote ni nzuri," alisema. "Hakuna lililovimba. Hakuna lenye kutu. Nimefunga majiko yenye sakafu ya marumaru yasiyo na kabati la namna hii." Akavua miwani. "Lakini katika kazi yangu yote sijawahi kukuta chakula kisichojulikana. Nani aliyatoa lebo?"

"Mimi," Baba alisema.

"Kwa nini?"

Baba alitafuta bisibisi mfukoni, hakuipata.

"Ni ya duka la bei nafuu. Lile la jirani. Kijana ananunua huko kila kitu. Nikasema ukiona utamchukua mama."

Shangazi alivuta stuli akakaa, akaweka pochi yake juu ya magoti.

"Haya, pikeni," alisema. "Mimi naangalia."

Niliinjika wali. Kisha nikafungua kopo, na Bibi akasogeza kiti chake karibu.

"Njegere," alisema Bibi.

Mananasi.

"Sasa hili ni njegere, nakwambia, mume wangu."

Samaki. Sikumbuki kununua samaki. Baba alijifanya anasafisha dirisha.

"Mama, unabahatisha," Shangazi alisema. "Lisikilize vizuri. Njegere ni nzito, haziendi huku na huku. Lete hapa." Alilitikisa lililofuata kwa utaalamu, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu. "Nyanya. Weka sufuria."

Niliweka sufuria. Yalikuwa mananasi.

Bibi alianza kucheka. Bibi akicheka hatoi sauti, mabega yake tu yanapanda na kushuka, na mtu asiyemjua anaweza kumletea maji. Shangazi alilitazama kopo kama mfanyakazi aliyemdanganya ana kwa ana.

"Lete jingine," alisema.

"Chakula kimetosha, Shangazi."

"Nimesema lete jingine, mwanangu."

Alikosea hilo, akakosea na la pili, na kwa la tatu alikuwa ameshavua koti. Baba naye akajiunga, akidai kwamba fundi anajua kifaa kwa kukigonga. Aligonga kwa kijiko, akatangaza mahindi. Hatukuwahi kuwa na mahindi. Hadi wali ulipoiva, meza ilikuwa imejaa mabakuli: maharage kidogo, nyanya, samaki, na mananasi ya kutosha harusi. Njegere hazikuonekana. Tulikula hivyohivyo, wali na samaki na maharage, tukinywa juisi ya embe yenye stika ya njano ambayo nilikuwa nimesahau kuibandua. Shangazi aliisoma stika, akasoma tarehe, akanywa.

"Bei hii ni ya kweli?" aliuliza.

"Ni ya kweli. Ila lazima usimame nyuma ya Bwana Njano bila kumwomba."

"Bila kumwomba."

"Unasoma siki."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba ni utaratibu unaoeleweka. Kisha aliweka kijiko chini, na sote tukajua swali limefika.

"Mama," alisema, "twende kwangu? Nina chumba. Chakula kipo, kisafi, nakipanga mwenyewe kwa wiki nzima. Hutakosa kitu."

Bibi alifuta mdomo wake.

"Nilishakaa kwako, mwanangu. Chakula chako kizuri, sina la kusema. Kila bakuli ndani ya friji lina jina na siku. Jumatatu, supu. Jumanne, samaki. Wewe unatoka asubuhi, unarudi jioni umechoka na majiko ya watu. Mimi siku nzima nasoma mabakuli."

Shangazi alitazama sahani yake. Hakukuwa na mtu aliyetaka kumtazama usoni, kwa hiyo wote tulitazama mananasi.

"Hapa wananipa vya kuchambua," Bibi aliendelea. "Huyu mume wangu anabishana na mimi. Chumvi hajui kabisa. Nikiondoka atawatesa watu."

"Lakini ulishafunga mfuko," nilisema. Ilinitoka kabla sijaizuia. "Nimeuona chini ya kitanda."

"Nimefunga, ndiyo. Binti yangu anatoka mbali kuja kunichukua, akute hata kanga sijakunja? Angeona nimemkatalia hata kabla hajauliza."

Shangazi aliinuka akaenda chumbani. Tulisikia zipu ikifunguliwa. Alikaa huko kidogo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ya kazini.

"Nimeitundika kanga," alisema. "Msumari wa mlango umelegea. Mdogo wangu, ushughulikie."

"Nina bisibisi," Baba alisema.

"Msumari, hutumii bisibisi."

"Naweza."

Kabla ya kuondoka alikagua kabati kwa mara ya mwisho, na akaomba apewe makopo mawili. Nilimwambia nitamtafutia ya lebo, dukani yamejaa. Akasema anataka haya haya. Aliyatia kwenye pochi yake nzuri ya ngozi, ikakataa kufungika, akaondoka nayo ikiwa wazi.

"Usiyafungue peke yako," Bibi alimwambia akiwa mlangoni. "Peke yako utajuaje kama umekosea?"

Jumamosi iliyofuata Shangazi alirudi bila kupiga simu. Alikuwa na makopo yake mawili pamoja na mengine, mfuko mzima, yote yakiwa yamebanduliwa lebo kwa ustadi uliomshinda Baba kabisa, bila hata chembe ya gundi. Hakusema ameyanunua wapi. Lakini mfuko ulikuwa wa duka lile, na alipita nao mtaa mzima mchana kweupe. Baba aliuchukua, akaushika kwa muda, kisha akautundika kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, kwa ndani. Ni mwanzo.

Bibi alichagua kopo la kwanza. Aliliweka sikioni, akafumba macho, na sote tukanyamaza kwa heshima.

"Njegere," alisema.

Shangazi akashika kifungulio.