Gunia la Mizizi kutoka Bungoma

Wakiuru alikwenda Bungoma kuchukua vitu vya marehemu binti yake, na jamaa za mumewe kule nje ya Kitale wakamngojea arudi na cherehani. Alirudi na gunia la mizizi.

Ilikuwa Machi, mwaka wa 2004. Nyambu, kifungua mimba wake, alikuwa ameshona nguo Bungoma kwa miaka sita, na sasa wiki tatu zilikuwa zimepita tangu azikwe, umri wake miaka ishirini na tisa. Hakuwa ameolewa wala hakuwa na mtoto. Ugonjwa uliomwondoa watu waliuita kifua mbele ya mama yake. Wakishafika barabarani waliuita jina lingine.

Mwenye nyumba, mama wa makamo aitwaye Nanyama, alimfungulia chumba akasimama kando. Wakiuru aliona kitanda, sufuria tatu zilizofunikwa, leso iliyokunjwa vizuri, na cherehani chini ya dirisha. Hakugusa kitu. Alijua akigusa kimoja tu ataanguka. Akatoka nje kuvuta pumzi, na hapo ndipo alipoyaona maua.

Yalifuata ukuta wote wa nyumba, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji. Kulikuwa na maua ya kana mekundu, majani yake mapana kama ya migomba michanga. Kulikuwa na yungiyungi nyeupe pale maji ya tangi yalipodondoka. Mbele yake ulipita mstari wa maua ya buluu, kila bua limebeba kichwa cha mviringo kikubwa kuliko ngumi. Udongo ulikuwa umefunikwa kwa maganda makavu ya maharagwe, na gugu hukuliona hata kwa dawa.

"Nani amepanda haya?"

"Ni Nyambu, mama. Kwani hakukwambia?" Nanyama alishangaa kweli. "Hata wakati alikuwa hawezi kusimama, tulikuwa tunamtolea kiti hapa nje. Anatuonyesha na kidole. Toeni hiyo jani kavu. Mwagieni hapo. Si alikuwa mkali, bana!"

Wakiuru alicheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi, kikamgeukia katikati kikawa kilio. Miaka sita Nyambu alikuja nyumbani kila Krismasi na nguo alizowashonea watu wote wa boma. Wote walizijaribu, wakashukuru, wakala. Hakuna aliyewahi kumwuliza anapenda nini.

Alipojifuta machozi aliuliza ni nani aliyemwogesha bintiye siku za mwisho. Nanyama akamtaja Sellah, fundi mwenzake Nyambu, aliyeshona naye katika kibanda kimoja.

"Basi cherehani ni ya Sellah," Wakiuru akasema. "Mimi nipe jembe."

Walichimba pamoja mpaka jua likawa la utosi. Nanyama alimfundisha kama alivyofundishwa na Nyambu. Haya si maua ya kupanda kila mwaka, alimwambia. Ukiyapanda mara moja yanakaa. Kana unachimba mbali na shina, unatoa tunguu zima, ule mzizi mnene, halafu unalikata kwa kisu, kila kipande kiwe na jicho lake la kuchipukia. Ya buluu usiyazike shingo, pale majani yanapoanzia pabaki juu ya udongo. Yungiyungi inataka maji. "Na kiangazi yakikauka juu, usilie ati yamekufa. Iko tu inalala huko chini."

Wakiuru alifunga gunia kwa kamba ya katani, akapanda gari la Kitale kupitia Kimilili, gunia likiwa mapajani kama mtoto.

Ngige, kaka mkubwa wa mumewe, aliyeitwa pia Baba Kagwe kwa jina la mwanawe, alikuwa amekaa barazani na Mathenge, mume wa Wakiuru, wakinywa chai. Shamba lilikuwa la marehemu baba yao, halijagawanywa, na ingawa kila mmoja alikuwa na upande wake, Ngige ndiye aliyeita trekta, Ngige ndiye aliyesema mbegu gani na lini. Mathenge alikuwa mtu mpole aliyezoea kuitikia.

"Cherehani inakuja na gari la nyuma?" Ngige aliuliza.

"Nimempa mtu aliyemwogesha mwanangu."

"Na hilo gunia?"

Akalifungua. Ngige aliinama akatazama, kisha akamgeukia mdogo wake kana kwamba yeye ndiye aliyefanya kosa. "Mathenge, mke wako ameacha mashine ya kushona, amebeba magugu kutoka Bungoma!"

"Shemeji," Wakiuru akasema, "mashine aliinunua. Haya aliyalea."

Nyambu alikuwa amezikwa mwisho kabisa wa shamba, kwenye pembe iliyopakana na ua wa miiba ya kayaba. Mbele ya nyumba, walikolala babu na nyanya yake, hakupewa nafasi, kwa sababu msichana ambaye hakuolewa huzikwa pembeni. Ndivyo Ngige alivyosema siku ile, na Mathenge akaitikia. Ngige aliongeza kwamba msimu mmoja ukipita, mahali pale patasawazishwa palimwe kama kwingine. Siku ya mazishi Wakiuru hakuwa na nguvu ya kujibu lolote. Sasa alikuwa nayo.

Kesho yake asubuhi na mapema alibeba samadi kwa karai mara kumi na moja. Alipanda kana upande wa kichwani, ya buluu kuzunguka kaburi, na yungiyungi chini, karibu na mfereji. Kila jioni alimwaga maji ya kuoshea vyombo. Fuko walipoanza kutafuna mizizi alitega mitego mwenyewe, akawashika wanne. Ua likinyauka alilikata, kwa kuwa Nanyama alisema ukiliacha lizae mbegu unaliibia nguvu.

Huku Trans-Nzoia mtu hupimwa kwa mahindi yake. Maua yalikuwa kitu cha wazungu waliokwenda zao na cha ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Kwenye soko la mji mdogo wa Kwanza walianza kumwita Mama Maua, na hawakumaanisha sifa. Mwanamke mmoja alimwuliza kwa sauti, watu wakisikia, kama hayo maua hupikwa kwa mafuta au kwa maziwa.

"Hupikwa kwa adabu," Wakiuru akajibu. "Kama huna, hayaivi."

Julai kana zilichanua. Kutoka barabarani ungeona wekundu ule juu ya kijani cha mahindi, na wapita njia wakawa wanauliza pale pana nini. "Pana binti yangu," Wakiuru aliwaambia, na kuwatajia jina lake lote.

Hilo ndilo lililomuudhi Ngige zaidi ya kipande cha ardhi chenyewe. Watu waliuliza, wakajibiwa, wakauliza tena alikufa na nini.

Kiangazi kilipokuja, majani yalikauka yakalala. Alhamisi moja ya Februari, Wakiuru akiwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa huko Kwanza, trekta liliingia shambani. Aliporudi saa tisa, pembe ile ilikuwa imegeuzwa. Tuta la kaburi halikuwepo. Msalaba wa mbao ulikuwa umeegemezwa kwenye ua wa kayaba, kwa uangalifu, na uangalifu huo ulimchoma kuliko kama wangeutupa.

Ngige alikuwa bado pale, mikono nyuma. "Yalikuwa yamekufa, Mama Nyambu. Yenyewe tu. Si uliona? Majani makavu."

Wakiuru alimpita. Alivua viatu vya kanisani, akaviweka juu ya jiwe, akapiga magoti kwenye mfereji wa kwanza uliokatwa na trekta. Alichimbua kwa vidole. Akatoa kipande cha kana, akakipangusa udongo, akakigeuza. Kilikuwa na jicho, jeupe, nono. Akatoa kingine. Visahani vya jembe la trekta vilikuwa vimeyakata matunguu vipande vipande na kuvisambaza hatua thelathini huku na huku.

Alikusanya mpaka kitambaa chake cha kichwa kikajaa, halafu akaenda kuleta karai. Karai lilipojaa aliinuka, magoti meusi, akamtazama shemeji yake usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini ya ndoa.

"Mimi nilipanda matunguu tisa," akasema. "Wewe umenikatia miche mia. Asante sana, Baba Kagwe. Sasa nitahitaji mahali pakubwa zaidi."

"Utapanda wapi? Hapa ni pa mahindi!"

"Nitapanda hapa. Halafu nitapanda kutoka hapa mpaka langoni, pande zote mbili za njia, ili kila mgeni anayeingia boma hili aongozwe na maua mpaka kwa Nyambu. Ukileta trekta tena, liite kubwa. Nitakuwa nimelala hapo chini yake."

"Mathenge!" Ngige aliita. "Mathenge! Njoo umwondoe mke wako!"

Mathenge alikuja kutoka zizini, taratibu kama kawaida yake. Aliangalia udongo uliogeuzwa. Aliangalia msalaba. Kisha akaenda mpaka kwenye ua, akauchukua ule msalaba, akaanza kupima kwa hatua kutoka kwenye nguzo ya pembe. Saba kwenda mbele, nne kwenda kushoto. Akauchomeka, akaushindilia kwa kisigino.

"Ni hapa," akasema. "Nilihesabu siku ile ya kuzika. Nilijua mtapasahau." Halafu, bila kumtazama kaka yake: "Upande huu ni wangu, Ngige. Trekta lisiingie tena bila mimi kuambiwa."

Ngige alicheka kwa dharau, akaondoka akipiga teke mabua makavu ya mahindi. Miezi mitano hakukanyaga nyumba ya ndugu yake.

Mvua za Aprili zilianguka, na kila kipande chenye jicho kikatoa ulimi wa kijani. Mwaka wa kwanza yalikuwa mashina membamba ya kutia huruma. Mwaka wa pili njia yote ilisimama nyekundu kutoka langoni, na Desemba ile maua ya buluu yakachanua kwa wingi hata Mathenge akawa anabeba kiti chake huko jioni, akiketi na redio yake ndogo. Kule Bungoma, Sellah alisikia habari akatuma yungiyungi zaidi, zimefungwa kwa gazeti lililoloweshwa.

Kufikia mwaka wa 2007 yalikuwa yamebanana, na maua yakaanza kupungua. Wakiuru alikumbuka mafunzo: yakibanana yafukue, yagawe, mengine yape nafasi, mengine uwape watu. Lakini watu gani? Wanawake wale wa sokoni walikuwa wamemcheka.

Wa kwanza kuja alikuwa Jelimo, aliyefanya biashara mpakani Suam. Alisimama langoni na mfuko mtupu, akasema ana binti amelala nyuma ya ghala la mahindi tangu 1999, na kuku wanachakura pale. Wakiuru alimpa matunguu sita na kumwonyesha macho yake ya kuchipukia. Wiki iliyofuata walikuja wawili, kisha mmoja aliyefunika uso kwa leso hata alipofika ndani. Wakiuru hakuuza hata kipande kimoja. Aliwaambia sharti moja tu: mtu akiuliza pana nani, jina litajwe.

Halafu, Jumamosi moja, watu wakiwa wametapakaa mashambani wakipanda, Wacuka akaja. Wacuka alikuwa mke wa Ngige. Miaka yote ile ya ugomvi hakusema neno, si la kuunga wala la kupinga. Hakupitia njia ya nyuma. Aliingia langoni akapita katikati ya kana.

"Mama Nyambu, nipe yale ya buluu."

"Ya nini, Mama Kagwe?"

"Kagwe alikuwa na dada kabla yake. Aliishi siku arobaini." Wacuka alimeza mate. "Mwaka wa sabini na nane. Tumelima juu yake tangu hapo. Kila mwaka napanda mahindi hapo, kila mwaka navuna, na ugali wake nakula."

Wakiuru alichimbua yale ya buluu akayatia kwenye karai. Akachukua jembe, wakatoka pamoja, wanawake wawili wenye mvi, mchana kweupe, wakapita katikati ya upande wa Ngige. Ngige alikuwa upande wa juu na wapandaji. Aliwaona. Akaanza kuteremka, kwanza kwa kasi, halafu kasi ikampungua.

Wacuka alisimama mahali fulani, akazunguka, akasogea, akasimama tena. "Ni hapa. Nadhani ni hapa. Aliitwa Nyaruai, jina la mama yake Ngige."

Wakiuru aliinua jembe.

"Si hapo."

Waligeuka. Ngige alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwao, kofia mkononi, na hakuna aliyewahi kumwona na uso wa namna ile.

"Teremkeni kidogo," akasema. "Hatua mbili. Karibu na jiwe hilo. Mimi ndiye niliyeliweka."

Wacuka aliziba mdomo kwa viganja. Wakiuru alimtazama shemeji yake, akakumbuka Alhamisi ile na udongo uliogeuzwa, na hakuona sababu ya kumrahisishia. Aliteremka hatua mbili mpaka kwenye jiwe. Akaligeuza jembe, akamnyooshea upande wa mpini.

"Basi chimba wewe," akasema. "Na usiyazike shingo."

Ngige alilitazama jembe, akamtazama mkewe. Kisha akavua koti.