Mama Jaa

Mwaka jana Nyamvula alipolivunja jiwe la agano lililomfunga na pepo wenzake wa chini ya maji, aliapa kwamba amemalizana nao. Wao ndio waliomfanya mamake, Jalila, azae na kuzika mara tatu, mtoto yuleyule akija na kwenda, mpaka akakubali kubaki akawa Nyamvula. Alijikomboa, akasahau kwamba wenye njaa hubisha hodi tena.

Sasa walimtaka mdogo wake wa wiki sita. Homa haikushuka, na dawa za hospitali ziligonga mwamba. Mama Abena, fundi cherehani kutoka Ghana na jirani yao hapo Likoni, alimgusa mtoto akasonya.

"Jalila, umempa jina gani?"

"Dhahabu."

"Dhahabu! Na wezi wakija utamlaumu nani? Kwetu, mtoto kama huyu hutupwa jaani kwanza."

"Hata kwetu," Jalila alisema taratibu. "Marehemu nyanya aliniusia. Wallahi niliona haya, shoga yangu. Mtoto mzuri hivi, nimwite taka?"

Masharti waliyajua wote watatu. Anayemtupa asilie wala asigeuke nyuma. Atakayemwokota ndiye mama, na Jalila asimwite tena mwanangu, maisha.

Adhuhuri Nyamvula alimbeba kwenye kikapu kikuukuu hadi jaa la nyuma ya soko, akamweka juu ya maganda ya mihogo. Soko zima likanyamaza.

Wakaja saba, warefu kupita minazi. Miili yao ilikuwa maji matupu, na ndani yake samaki wadogo waliogelea waking'aa. Subhanallah! Nyamvula alisahau hata kuogopa. Alikuwa amesahau walivyo wazuri, na kwa kitambo alitamani kwenda nao.

"Dada yetu," mmoja alisema, na sauti ile ikamtetemesha kifuani. "Umeleta nini?"

"Taka."

"Mbona ina macho?"

Mtoto alimwona dadake akatabasamu. Ndilo lililokuwa tabasamu lake la kwanza duniani.

"Taka mbaya," alisema. "Haina mwenyewe. Anayeitaka aichukue."

Mrefu wao aliinama juu ya kikapu, akanusa akitafuta harufu ya mapenzi. Nyamvula alimpa mgongo mdogo wake, akaenda zake. Hatua kumi, ishirini. Nyuma yake maji yalivuma yakirudi baharini, yakatulia, kisha akasikia mama muuza dagaa akigombana na mteja kama kawaida.

"Jamani, nani katupa mtoto huku?" Mama Abena alipaza sauti. "Basi ni wangu! Jina lake Jaa!"

Alasiri homa ilishuka. Jalila alisimama mlangoni kwa jirani, kanga imelowa maziwa kifuani. Kwenye nyumba aliyozoea kuingia bila kuuliza, siku hiyo alipiga hodi.

"Mama Jaa," alisema, "naomba nimnyonyeshe mwanao."