Kete Zilipomruka Verlyn

Verlyn Oltmann alikunja karatasi ya kwanza mara mbili, akaiweka chini ya glasi ya maji ili isije ikamshawishi. Karatasi hiyo ilikuwa salama: dakika kumi juu ya majaji wa Washington, jinsi walivyo na jicho kali kwa upande mmoja na usingizi mzito kwa upande mwingine. Aliiandika kwa nusu saa, kama mtu anayemenya viazi. Ya pili ilikuwa mfukoni mwa shati. Hiyo aliiandika kwa wiki tatu, na haikujaza hata ukurasa.

Ng'ambo ya kioo Darrel, ambaye peke yake ndiye mwenye kituo cha redio, fundi wake na mfagiaji wake, alikuwa anamalizia bei za mahindi na soya. Akanyanyua vidole viwili. Dakika mbili.

Kwa miaka ishirini na mbili, kila siku ya kazi saa moja na robo asubuhi, Verlyn alikuwa akiongea na kaunti yetu kabla haijamaliza kahawa yake. Kabla ya hapo alitengeneza pampu za kumwagilia mashamba, kazi iliyompa mgongo mbovu na sauti ya kushindana na injini. Hakusomea utangazaji. Alisomea kulaumu, na shule yake ilikuwa meza ya duara ya mgahawa wa Corliss. Alilaumu kodi, alilaumu watu wa pwani wanaomwona mkulima wa Nebraska kama kichekesho, alilaumu shule zilizoacha kufundisha watoto kusimama bendera inapopita, na mpaka wa kusini ulioachwa wazi kama zizi lisilo na komeo. Zaidi ya yote alilaumu sheria inayochagua wa kumkata. "Wakubwa wao wakipoteza faili ni bahati mbaya," alikuwa akisema. "Wetu wakipoteza kalamu ni jela." Tukacheka, tukapaka siagi. Na kila alipomaliza alirudia ahadi ile ile: siku mtu wa upande wake mwenyewe akifanya hivyo, atamtaja kwa jina na cheo, la sivyo Darrel amzimie kipaza sauti.

Ni ahadi rahisi sana ukiitoa ukiwa maili elfu moja na mia mbili kutoka Washington.

Mmoja tu hakucheka, Mwalimu Ardith Koehn. Wademocrat wa kaunti hii wanahesabika kwa vidole, na yeye ndiye kile cha kuonyea. Alifundisha historia mpaka alipostaafu, na kila Ijumaa alimtumia Verlyn kadi ya kalamu nyekundu: hesabu hii siyo, mwaka huo siyo, Bwana Oltmann, ulisinzia darasani na bado unasinzia. Verlyn alizisoma hewani akibana pua kumwigiza. Siku kadi ilipochelewa, alikwenda mwenyewe posta kuiulizia.

Kadi ya wiki iliyopita ilikuwa na mstari mmoja. Hiyo hakuisoma hewani.

"Na Duane je?"

Duane Pruss ndiye mwendesha mashtaka wa kaunti, wa kuchaguliwa, mtu wa chama kile kile cha Verlyn. Alikuwa pia rafiki yake, wala si wa kupungiana mikono barabarani. Joleen, mke wa Verlyn, alipofariki mwezi wa Januari, miaka sita iliyopita, Duane alishika kona ya mbele ya jeneza. Kisha, kwa majira yote yale ya baridi, kila theluji ilipoanguka alikuja asubuhi na mapema na koleo, akasafisha njia ya mlangoni kwa Verlyn, akaenda zake bila kubisha hodi. Anayebisha anataka kushukuriwa. Duane hakubisha hata mara moja.

Basi mwaka huu, mwishoni mwa Septemba, jua likizama, Verlyn alikuta pikapu imeingia mtaroni kwenye barabara ya ghala la nafaka. Nyuma yake kulikuwa na baiskeli iliyojikunja, na kwenye majani alilala Eusebio Tzul, Mguatemala wa kiwanda cha nyama, aliyekuwa akitoka zamu. Mguu wake ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Kwenye usukani alikuwa Kip, mpwa wa Duane, dume la miaka thelathini na moja, ananuka kama kitambaa cha kufutia kaunta ya baa. Verlyn alimfunika Eusebio kwa koti lake, akapiga magoti, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likafika. Lugha yao ya pamoja ilikuwa neno moja tu, "oke," na walilitumia mpaka likachakaa. Halafu akamwandikia askari maelezo ya kurasa mbili, akatia sahihi.

Katikati ya Oktoba kesi ikafutwa. Gazeti la kaunti lilitoa sababu kwa mistari minne: hapakuwa na shahidi.

Verlyn aliisoma mistari hiyo kwenye meza ya Corliss, Duane akiwa kiti cha pili. Duane akamwekea mkono begani. Akamweleza, tena kwa upole, na upole ndio uliouma, kwamba zile kurasa zake zilitafutwa hazikuonekana, ofisi ile ina makaratasi mengi, na yule kijana ana mtoto mchanga, na mambo mengine yanamalizwa vizuri zaidi na ukoo kuliko na jaji.

"Giza lilikuwa limeshaingia, Verlyn. Hukuona vizuri, au siyo?"

"Lilikuwa linaingia," Verlyn alisema.

"Ndo hivyo nasema."

Verlyn akanywa kahawa yake. Akaendelea kuinywa hivyo kwa wiki tatu.

Ng'ambo ya kioo Darrel akamnyooshea kidole. Taa nyekundu ikawaka. Verlyn akaingiza mkono mfukoni mwa shati.

Alisema kwamba leo Washington itamsamehe, kwa sababu ana habari ya maili nne kutoka hapa. Akataja jina na cheo. Akaeleza alichokiona barabarani, alichokinusa na alichokiandika, na kwamba yule shahidi anayesemekana hakuwepo ndiye anayeongea nao sasa hivi, naye amekaa wiki tatu akinywa kahawa na kujifanya hayupo. Duane Pruss, alisema, mtu tuliyemchagua mara nne, anajua nani aliandika kurasa zile.

"Kuhusu mpaka nimesema niliyosema, sifuti hata nukta," alisoma. "Lakini mguu ni mguu. Ungevunjwa na mpwa wa mkubwa wa upande wa pili, ningewapigia kelele mpaka Krismasi. Basi kelele zenyewe ndizo hizi." Akasogelea kipaza sauti, tulimsikia. "Duane, ilinipasa nikuambie mezani nikashindwa. Kwa hilo naomba radhi. Kwa haya mengine siombi."

Karatasi ikaisha. Zilibaki dakika sita. Katika miaka ishirini na mbili Verlyn hakuwahi kuishiwa maneno kabla ya muda. Kwa kawaida Darrel ndiye aliyemkatia njiani kama mkia wa mjusi. Wote wawili wakaitazama simu. Ilikuwa na vitaa vinne, na asubuhi nzuri vyote vinne humeta kabla Verlyn hajapumua. Hakikumeta hata kimoja. Darrel akakosa la kufanya, akaweka muziki wa polka.

Angeweza kurudi nyumbani. Wengi wetu tungerudi. Yeye alikwenda kwa Corliss kama siku zote, akajipangia majibu njiani, maana alitegemea matusi. Alifika na majibu matatu, mawili kati yake mazuri sana.

Kikombe chake kilikuwa bado kwenye msumari wake, ukutani, chini ya jina lake. Corliss akammiminia. Kiti cha Duane kilikuwa kitupu. Wazee wengine wanne walikuwepo, wakasogea kumpa nafasi zaidi ya aliyoihitaji. Waliongea juu ya unyevu wa mahindi. Wakaongea juu ya bei ya mbolea. Hakuna aliyemtukana, na majibu yake matatu yakapoa pamoja na kahawa.

Kisha Merle Zastrow akachukua kikopo cha ngozi chenye kete. Pale kwa Corliss, watu wa meza ya duara hurusha kete, na mwenye namba ndogo hulipia wote. Verlyn alikuwa na mkosi maarufu. Alipenda kusema kwamba kete zimemla kuliko mvua ya mawe. Asiyerusha ni mgeni tu: kama ni muuza mbegu anayepita, au shemeji kutoka Kansas, hulipiwa kwa adabu na kuulizwa habari za safari.

Merle akarusha. Akarusha aliye kushoto kwake, akarusha aliyefuata. Kikopo kikafika kwenye kiwiko cha Verlyn, naye akanyoosha mkono. Kikapita mbele ya kifua chake, taratibu, kikaenda kwa mtu wa upande wa pili.

"Usijisumbue, bwana," Merle alisema, macho kwenye sahani. "Umeshalipiwa."

Hajawahi mtu kutamani kushindwa kete kama Verlyn asubuhi ile.

Wiki iliyofuata akaja mwanasheria wa serikali ya jimbo, binti mwenye buti mpya, akachukua maelezo yake upya, kurasa tatu safari hii. Kesi ikahamishiwa kaunti nyingine. Duane akaonekana ofisini, kanisani na kwingineko kote. Kwa Corliss hakuja tena. Verlyn alikuja kila siku, na kila siku kikopo kikamruka kwa adabu ile ile. Kitaa kimoja cha simu kiliwaka siku moja: mtu wa mjini Omaha, akampongeza na kumwomba atamke hewani kwamba chama chake chote ndivyo kilivyo. Verlyn akamshauri akafagie uwanja wake kwanza, naye akakata simu. Hivyo akampoteza na huyo.

Koti alilomfunikia Eusebio lilirudi. Lilikutwa mlangoni pa kituo ndani ya mfuko, limefuliwa, limepigwa pasi, kifungo kilicholegea kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Damu haikutoka yote. Verlyn akalivaa hivyo hivyo.

Ijumaa kadi ilifika. Aliishika garini kwa muda kabla ya kuigeuza, akijitayarisha kusifiwa na mtu ambaye hakutaka sifa zake.

"Bwana Oltmann: tumemchagua mara tano, siyo nne. A.K."

Aliisoma hewani, akibana pua. Siku hizo kituo chetu kilikuwa na wasikilizaji wale wale, hilo tulijua; tulikuwa tumeacha tu kucheka. Jumamosi wakakutana posta.

"Mwalimu, kadi yako nimeipata."

"Ilikuwa na kosa?"

"Haikuwa na pole."

"Pole sikufundisha mimi. Nilifundisha historia." Akavaa glavu zake, kidole kwa kidole, kisha akamuuliza anakula nini siku hizi. Maharage ya kopo, Verlyn alisema. Mwalimu akatikisa kichwa kama aliyepokea daftari chafu, akatoka. Tulidhani jioni angempelekea sufuria ya kitu cha moto. Hakumpeleka. Naye ana upweke wake wa miaka mingi, hajazoea kuugawa.

Desemba ikaja na theluji. Verlyn alikuwa na kazi moja zaidi kituoni: baada ya maoni yake husoma majina ya waliozaliwa tarehe kama hiyo, na anayepiga simu kabla ya saa tatu hupata mkate wa mdalasini kutoka jikoni kwa Corliss, ule wa kuviringishwa ambao kwetu huliwa na bakuli la maharage ya pilipili, na anayeshangaa ashangae. Duane alipiga kila mwaka, na kila mwaka alidai miwili. "Mmoja wangu," alikuwa akisema, "mmoja wa wakili wangu."

Asubuhi moja Darrel alimletea orodha akiwa ameishikilia kwa kidole gumba kwenye mstari wa pili. Akasema kwa chini kwamba majina ni mengi leo, anaweza kuacha moja.

"Hatumruki mtu," Verlyn alisema.

Alilisoma kati ya mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka tisini, kwa sauti ile ile, bila kupunguza wala kuongeza. Duane Pruss, sitini na saba. Mama wa mtoto akapiga simu. Bibi akapiga mwenyewe, akataka ujumbe umfikie Corliss kwamba mwaka jana mkate ulikuwa mkavu. Saa tatu ikagonga. Verlyn akakaa mpaka tatu na nusu, koti limeshavaliwa, akikitazama kitaa cha tatu.

Corliss alimfungashia miwili bila kuuliza.

Kwa Duane theluji ya usiku ilikuwa imelala kutoka barabarani mpaka ngazi, haina alama ya mguu. Verlyn akaweka boksi juu ya nguzo ya uzio, mvuke ukitoka kwenye kona zake. Akashusha koleo kutoka pikapu yake. Mgongo ukamkumbusha umri wake kwenye pigo la kwanza, naye akaanzia barabarani, akichota na kutupa kushoto, akichota na kutupa kushoto, ardhi nyeusi ikimfuata nyuma kwa upana wa mtu mmoja.

Alipofika karibu na ngazi alisikia redio. Ilikuwa jikoni, nyuma ya dirisha lenye ukungu, na sauti ilikuwa ya Darrel, akisoma bei za nguruwe.

Verlyn akachota tena. Chuma kikakwaruza saruji.

Ndani, redio ikapunguzwa, kama mtu anavyoipunguza akitaka kusikia kilichoko nje. Verlyn akasimama, koleo limejaa, chembe za theluji zikimwagika pembeni. Hakubisha. Nguruwe wakaendelea kushuka bei, kwa sauti ndogo. Akatupa alichokichota, akainama, na zilikuwa zimebaki ngazi tatu.