Ekzosi Isiyojua Kupiga Hodi

Usiku wa jana niliota nimelala chali chini ya gari langu, uani kwetu Mbalizi, mchana kweupe, na ekzosi ya zamani inaniuliza kama nimeomba ruhusa.

"Ruhusa ya nini?" nikauliza.

"Ya kunifungua," ikasema. "Miaka kumi na mmoja nimekupigia hodi kwenye lile geti. Sasa utapigiwa na nani?"

Nieleze kidogo kabla sijaendelea, maana ndoto haina adabu ya kueleza. Naitwa Tumpe, nafundisha hesabu sekondari, naishi na baba yangu. Baba haoni, huu ni mwaka wa sita. Zamani kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga kizuizi pale reli inapokata barabara, na kazi moja aliyobaki nayo sasa ni kunifungulia geti jioni. Hasubiri honi. Anaisikia ekzosi yangu nikiwa bado kwenye mteremko wa kanisani, anazima redio, anachukua fimbo, na nikifika geti liko wazi naye amesimama wima pembeni. Gari lingine lolote halifungulii mpaka lijieleze.

Alhamisi nilinunua ekzosi mpya. Ile ya zamani haijatoboka, nisidanganye. Niliipenda tu sauti ya hii nyingine, nzito, ya gari la mtu anayejiweza. Nikaiviringisha kwenye khanga, nikaificha stoo, nikapanga kuifunga mwenyewe Jumamosi ijayo, kwa sababu fundi wangu ana maswali mengi. Muuza spea, Bwana Gwakisa, aliniandikia masharti ya kuifunga kwenye kipande cha boksi. Baba sikumwambia.

Basi nimelala chini ya gari, na kile kipande cha boksi kimekaa kifuani kwangu, kinajisoma chenyewe kwa sauti.

"Sharti la kwanza. Usiiamini jeki peke yake."

Jeki haikukasirika. "Ni kweli," ikasema, "mimi siaminiki. Hata kwetu wananijua hivyo."

Likaitwa gogo. Likaja likitembea kutoka jikoni, likajipenyeza chini ya gari na kukaa. Gogo na jeki hawakusalimiana.

"Endelea na kazi," gogo likaniambia. "Mimi nipo kama shahidi."

"Sharti la pili," boksi likasoma. "Nati za siku nyingi zifunguliwe kwa upole."

Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza. Haikusogea. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

"Wewe umelelewa wapi?" nati ikauliza.

Hapo nikaona kosa langu. Nati ina kutu ya miaka kumi na mmoja, nami nimeikamata kichwa bila hata salamu. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba," ikajibu, ikalegea nusu mzunguko, ikasimama. Nikauliza habari za nyumbani, ikalegea robo. Habari za watoto, robo nyingine. Habari za mvua, habari za mahindi, habari za mbolea. Kwenye habari za mgonjwa tulikwama, kwa sababu nilikuwa simjui mgonjwa, ikabidi nielezwe tangu alipoanza kuumwa. Nati zilikuwa sita na kila moja ilikuwa na mgonjwa wake. Nilipomaliza nilikuwa naujua ukoo mzima wa lile gari, na mkono umekufa ganzi.

Ekzosi ya zamani ikashuka mikononi mwangu. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na sikuupenda wepesi wake.

"Niweke pale kivulini," ikasema. "Usiniangalie."

Nikaiweka kivulini, nikaangalia pembeni.

"Sharti la tatu. Bomba lipate kupumua."

Sasa siko uani tena. Niko wodini, na ekzosi mpya imelazwa kitandani, imefunikwa khanga yake mpaka shingoni. Muuguzi mmoja mnene, mwenye viatu visivyotoa sauti, anaipima.

"Vuta pumzi," anasema. Ekzosi haivuti.

"Haya, toa." Inatoa, na mapazia ya wodi nzima yanasimama wima. Wagonjwa wanashika mashuka yao.

"Huyu hajawahi kuvuta?" muuguzi ananiuliza.

"Ekzosi haivuti," nikasema. "Inatoa tu."

Akaandika. "Na kusikiliza?"

"Kusikiliza nini?"

"Mtu akipiga hodi lazima anyamaze kidogo, asikie kama amekaribishwa. Huyu ananyamaza?"

Nikasema sijui, nilipoinunua sikuuliza. Akaliandika na hilo, kwa kalamu nyekundu, vilevile ninavyoandika mimi kwenye madaftari ya wanafunzi wangu. Niliona aibu, tena mbele ya wagonjwa.

"Sharti la nne," boksi likasoma. Lilikuwa limeshavaa koti jeupe. "Kati ya bomba na bodi ya gari, acha vidole viwili."

"Vya mkono upi?" muuguzi akauliza.

Nikanyoosha wa kulia, maana sikulelewa kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto. Haikuuma. Kidole cha shahada na cha kati vilitoka kama vifuniko vya kalamu, vikashuka kitandani, vikaenda vyenyewe hadi kwenye gari langu, ambalo lilikuwa limeegeshwa kati ya vitanda viwili. Vikaingia chini, vikakaa kati ya ekzosi mpya na bodi. Nafasi ikawa sawasawa kabisa.

"Una swali?" muuguzi akauliza.

"Vitarudi?"

"Vinaachwa," akasema. "Sharti limesema acha." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Sharti la tano na la mwisho," boksi likasoma kwa haraka, kama mtu anayetaka kwenda kula. "Ukishafunga, washa gari. Usilizime mpaka dakika kumi zipite."

Nikawasha. Ndipo ekzosi mpya ikafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mnanijua mimi ni nani?" ikasema.

Wagonjwa wakatazamana. Hakuna aliyekuwa anaijua.

Niko kwenye mteremko wa kanisani, naendesha kwa vidole vitatu na vile vitano vya kushoto. Saa ya kwenye dashibodi inasema dakika ya pili. Geti letu limehama, liko juu ya reli, na baba amesimama palepale pembeni yake, amevaa kofia yake ya kazini. Mbele yangu kuna foleni.

Wa kwanza ni treni ya mizigo, mabehewa ishirini na mawili, nimeyahesabu. Inapiga hodi kwa sauti ya chini. "Karibu," baba anasema, "pita, ila angalia maua ya marehemu mke wangu." Treni inaingia uani kwetu behewa kwa behewa, na haikanyagi hata ua moja. Nyuma yake linaingia trekta la parokia. Baba analiambia pole kwa msiba. Halafu unaingia mkokoteni wa viazi, ambao hauna injini kabisa, na baba anautambua kabla haujasema kitu. "Leo umebeba kidogo," anauambia, na mkokoteni unakubali.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa na furaha, nisifiche. Nilitaka baba aisikie ile sauti nzito ajue mwanawe anajiweza.

"Unanijua mimi ni nani?" ekzosi ikamuuliza baba.

Baba akatega sikio. Akafikiri kwa makini, kama mtu mwaminifu aliyeulizwa swali la kweli.

"Hapana," akasema.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Sikujui, ndugu yangu. Jieleze."

Nikateremsha kioo. "Hodi, baba," nikasema, "ni mimi, Tumpe." Sauti yangu ilifika kwenye kioo cha pembeni, ikarudi. Nikatazama saa, dakika ya nne. Siruhusiwi kuzima. Ekzosi ikauliza mara ya tatu, na baba akajibu mara ya tatu kwamba haijui.

Kwetu hodi ni tatu. Baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha tukiwa wadogo. Ukipiga tatu hujakaribishwa, unageuza, unarudi ulikotoka, na hununi.

Sikugeuza. Nilishuka gari likiwa linaunguruma, nikaenda getini. Geti letu lina tundu la kupitishia mkono ili kufikia komeo. Nikapitisha mkono wangu wa kulia, na baba akaupokea upande wa pili. Nikatulia. Mikono yangu anaijua, maana ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa vidole hivyo, kwenye kibanda chake cha reli, mabehewa yakipita.

"Moja," baba akasema. "Mbili. Tatu."

Akahesabu upya kuanzia upande mwingine, namna ninavyowaambia wanafunzi wahakiki jibu. Akapata tatu tena.

"Mwanangu ana vitano," akasema, kwa upole sana. "Samahani, mgeni. Mkono wako ni wa mtu mwema, ila mimi sina ruhusa ya kufungulia kila mtu. Mwanangu anarudi saa kumi na moja. Akija nitamwambia ulipita."

Akaachia mkono wangu. Hakuondoka getini. Alisimama wima, sikio limeelekea barabarani, nyuma yangu, anaisubiri ile ekzosi iliyokuwa imelala kivulini uani mwake.

"Leo amechelewa," akamwambia mkokoteni wa viazi.

Nililia. Nililia kama mtoto aliyefungiwa nje, na ekzosi yangu ikaendelea kuuliza barabara nzima kama wanaijua. Nikatazama saa. Ilikuwa bado dakika ya nne.

Niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Nikahesabu vidole vyangu juu ya blanketi, kumi, nikahakiki, kumi. Nikaenda stoo. Ekzosi mpya iko ndani ya khanga, boksi la masharti liko juu yake, halisemi kitu. Uani gari liko na ekzosi yake ya zamani, pale pale lilipokuwa tangu Jumamosi, kwani jana ilikuwa Jumapili na halikutoka kabisa. Nikajiona mjinga, nikaenda kuchemsha chai.

Baba alikuwa ameshakaa barazani, ameegemeza fimbo ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama."

Nikamnyooshea kikombe. Hakushika kikombe. Alishika mkono wangu wa kulia, kitu ambacho hajakifanya tangu nikiwa darasa la pili, akaanzia kwenye gumba. Alikuwa anahesabu kimoyomoyo, lakini midomo ilikuwa inacheza. Kwenye kidole cha shahada alisita, akakibonyeza, kisha akabonyeza na cha kati. Akaendelea mpaka mwisho.

"Vipo," akasema. Ndipo akapokea chai.

Akapuliza kikombe, akanywa kidogo, akakiweka kwenye goti.

"Hiyo ekzosi ya stoo ifunge tu," akasema. "Nimeigonga na fimbo tangu Ijumaa, nikajua ni nini."

"Nitairudisha, baba."

"Nani kakwambia uirudishe? Ifunge. Ila ukifika hapo nje uzime gari, ushuke, useme hodi kwa mdomo wako."

"Haya, baba. Nitasema."

"Tena useme kwa sauti," akasema, akiinama kupapasa mashavu ya miguu yake. "Jana nimesimama pale getini mpaka miguu imevimba."