Sikio la Martina

Sikio la mwanangu lilianza kuuma siku ya nne tangu tufike Kilwa Masoko, na mimi nilikasirika. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo kweli yenyewe. Huruma ilikuja baadaye, ilipokuwa haina kazi tena.

Miaka kumi na minane sikuwa nimekanyaga nyumbani. Nilikuwa Mombasa, nachonga vinyago na kuwauzia watalii. Shule niliishia darasa la nne, lakini patasi naijua. Huko Mombasa nikamwoa Debora, mtu wa Voi, na Mungu akatupa mtoto mmoja tu, Martina. Desemba ya mwaka 1993 nikafunga kibanda, nikawachukua wote wawili tukavuka mpaka. Kwangu ilikuwa kurudi kwetu. Kwao ilikuwa likizo katika nchi ya watu.

Mpango ulikuwa hivi: wiki moja Kilwa kwa dada yangu Restuta, anayekaanga samaki sokoni, halafu Krismasi Mtama kwa mama yetu. Mama hakuwa amewahi kumwona mjukuu wake huyo. Nilikuwa nimemwandikia barua tarehe ya kufika, na Restuta aliniambia kwamba bibi kizee ameshachagua mbuzi na ameshatangaza kanisani.

Martina alikuwa na miaka sita na maneno ya mtu wa miaka sitini. Alimcheka shangazi yake kwa namna anavyozungumza, kisha jioni alikuwa anazungumza kama yeye, neno kwa neno, mpaka majirani wanakuja kumsikiliza. Kutwa alikuwa majini na watoto wa mtaani. Siku hiyo ya nne akaja mapema, ameinamisha kichwa, mkono umeshika sikio la kushoto.

"Baba, kuna kitu kinagonga humu ndani."

"Maji hayo. Rukaruka yatoke."

Akaruka mara mbili, akaanza kulia.

Restuta akachemsha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akayapoza, akamtia matone matatu. "Sisi tumelelewa hivyohivyo, wifi," akamwambia Debora, "na masikio tunayo."

Asubuhi sikio likawa linatoa usaha. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichosahauliwa sufuriani. Debora akasema twende hospitali. Hospitali yenyewe ilitaka usafiri, na ukihesabu kungoja gari na kungoja zamu, ni kutwa nzima.

"Nimekuja likizo," nikamwambia. "Sikuja kupanga foleni. Duka la dawa liko pale."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Nilipoondoka nchi hii sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sasa kila mwenye mlango na rafu mbili alikuwa na duka. Na mwenye duka la dawa nilimfahamu. Alikuwa Hussen, tuliyecheza naye mpira Mtama. Alikuwa amefanya kazi ya uhudumu katika zahanati miaka kumi na mmoja, kisha akaacha akafungua biashara yake. Hussen ni Mmwera. Mimi ni Mmakonde. Wamwera na sisi ni watani, na asiyetoka huku hawezi kuelewa jambo hilo mpaka aelezwe. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako nawe unacheka. Mtani anakuja kwenye msiba wako, anashuka kaburini, analala chali na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu.

Aliponiona akapiga kofi meza.

"Laurenti! Kumbe hujafa? Na sisi tulishagawana nguo zako!"

"Nguo zangu zitakupwaya, Mmwera. Kwenu hamjashiba tangu Mjerumani."

"Shemeji, karibu," akamwambia Debora. "Pole sana kwa huyu uliyemwokota. Na huyu mtoto ni wake? Hapana. Mzuri mno."

Wazee waliokuwa kwenye benchi la nje wakacheka. Hussen akachukua tochi akamulika sikio.

"Mnaona sasa! Mtoto wa Kimakonde anavuja kama chungu kibovu. Laurenti, ukimwacha hivi nakuja kula wali wa msiba Krismasi hii. Nitatangulia mimi kulala mle shimoni, na sitoki mpaka jogoo wawili."

Tukacheka sana. Akatupa vidonge vya kumeza na vya homa, tukatoka. Debora alikuwa amekaza uso.

"Huyo rafiki yako ana akili sawasawa? Anamtabiria mtoto wangu kaburi?"

"Ni mtani. Ndivyo wanavyosema."

"Basi utajuaje siku anayosema kweli?"

Nikacheka pia. Niliona ni swali la mgeni.

Siku mbili zikapita. Homa inashuka, inapanda. Martina akaacha kucheza, akawa analala kwenye mkeka upande wa kulia tu, na mto wake wa kanga ukilowa usaha. Nikambeba mgongoni mpaka kwa Hussen, Debora nyuma yetu. Safari hii alimulika, akanusa, akabonyeza nyuma ya sikio taratibu kwa kidole kimoja. Martina akapiga ukelele. Hussen akazima tochi.

"Mpeleke hospitali, Laurenti. Leo."

"Umeshawaona wale jogoo, ndiyo maana."

"Sitanii. Hapa nyuma pameanza kuvimba. Hili linataka sindano, na daktari alione ndani. Mimi hapa sina cha kumpa."

Nikawageukia wazee wa benchini. "Jamani, mnamsikia Mmwera? Duka limejaa dawa, hataki kuuza. Ana njaa ya msiba."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwuzie, Hussen, wali utakula kwingine!"

"Wallahi, sitanii," Hussen akasema.

"Juzi pia uliapa wallahi, ukasema babu yangu alikuwa na mkia."

Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Hussen alinitazama, akawatazama wao, na mwisho na yeye akatabasamu. Nikalishika lile tabasamu kama ushahidi. Nikanyoosha kidole kwenye rafu. "Nipe zile za rangi mbili, nane." Akanipa. Alipokuwa anazifunga kwenye karatasi alisema tena, kwa sauti ndogo, "Leo, ndugu yangu." Nikamjibu kwamba aanze kunoa meno.

Njiani Debora akasimama.

"Amesema leo. Mara mbili."

"Nimekueleza, yule ni mtani."

"Uso wake haukuwa wa mzaha."

"Alicheka mwishoni, hukumwona?"

"Alicheka baada ya ninyi kucheka, baba Martina."

Nikamwambia asinifundishe watu wa kwetu.

Mombasa niliwahi kuwaona makuli wa bandarini wakifungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Kidonda kinakauka. Nikafikiri, sikio nalo ni kidonda. Nikamlaza Martina kwenye mapaja yangu, Restuta akamshika miguu, nikafungua vidonge viwili nikamwaga unga wote ndani na kuushindilia kwa kitambaa.

"Baba, inakwaruza. Baba, basi."

"Vumilia, mama. Ni dawa."

Jioni nikaongeza viwili. Asubuhi sikio lilikuwa kavu kabisa. Hakuna usaha, hakuna harufu. Nikamwita Debora aje aone.

"Haya, nani daktari?"

Akainama akatazama muda mrefu. Alisema tu, "Mbona bado analia?" Nikamwambia kidonda kinachopona huwasha. Kesho yake tukapanda basi la kusini.

Mtama walitupokea kwa vigelegele. Mama alimpakata mjukuu wake mlangoni akiwa hajanishika hata mkono. Alimsemesha Kimakonde, akamwimbia, akamwita jina la marehemu bibi yake. Martina alikuwa amemlegea begani, macho nusu.

"Mtoto huyu nikimwita hageuki," mama akasema.

"Hajui Kimakonde, mama."

"Jina lake pia hajui?"

"Amechoka na safari."

Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayo. Kila aliyeuliza nilimpa moja.

Mkesha wa Krismasi asubuhi, mbuzi akiwa amefungwa nyuma ya jiko, Martina akatapika. Nilipomwinua, shingo yake ilikataa kukunjika. Ilikuwa kama nimeinua ubao. Sikio lake lilikuwa limesukumwa mbele, limesimama, na nyuma yake pamevimba pakawa pekundu, panang'aa. Debora alimchukua mikononi mwangu. Jirani mmoja mfanyabiashara wa korosho akatoa gari lake, tukaenda hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, hana haraka katika maneno, ana haraka mikononi. Alichukua kichuma kirefu chembamba, akaingiza sikioni, akavuta. Kikatoka kipande kigumu cha njano, kama udongo uliokauka ukutani. Na nyuma yake vikafuata vyote vilivyokuwa vimezibiwa.

"Nani aliweka hiki?"

"Mimi."

"Usaha ulikuwa unatoka nje," akasema. "Ukaufungia mlango. Umetafuta njia ya ndani."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Wakampasua nyuma ya sikio siku hiyohiyo. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeshaingia. Siku saba mtoto hakutujua. Debora alikaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, na katikati yetu alilala Martina na bandeji kubwa kama kilemba. Mama yangu aliketi sakafuni na rozari. Debora alizungumza na mama, alizungumza na wauguzi, alizungumza na wagonjwa wa vitanda vya jirani. Mimi alinipa kikombe nikioshe, akaonyesha kwa mkono.

Siku ya nane Martina alifumbua macho na kututambua. Mama akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, Debora akawa anaita, "Martina, mwanangu, Martina." Muuguzi alikuja anacheka. Wodi nzima ilikuwa inasema. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, midomo yetu inavyokwenda.

"Mbona hamsemi?" akauliza, kwa kelele.

Daktari alitueleza baadaye. Sikio la kushoto lilikuwa limeharibika kabla hatujafika. Homa ya uti wa mgongo ilichukua na la kulia. Nikamwuliza kama lipo la kufanya Dar es Salaam, au Nairobi. Akasema tunaweza kwenda, hatanizuia, lakini asingependa kunidanganya.

Hussen alikuja siku iliyofuata, yeye na Restuta, kutoka Kilwa na vumbi lote la njia. Watu wa Mtama waliokuja kutazama mgonjwa walimjua kuwa ni mtani, wakakaa mkao wa kusubiri. Mtani akifika hospitali huuliza kwa nini jeneza halijaletwa, na watu hupata kupumua kidogo. Hussen alimpa Debora pole. Alimshika Martina mguu juu ya shuka. Halafu akakaa karibu yangu kwenye benchi la korido, tukatazama ukuta.

"Nitukane," nikamwambia.

Akajipangusa vumbi la njia kwenye suruali.

"Hussen, nitukane. Sema chochote. Sema Wamakonde hatuna akili."

"Leo sina," akasema. "Ningekushika shati siku ile. Ningefunga duka nikambeba mimi mwenyewe. Lakini walikuwa wanacheka."

Nilikuwa natafuta mtu wa kugawana naye kosa, na yule alikuwa amekuja na lake zima.

Tulirudi Mombasa mwishoni mwa Januari. Martina alikuwa ameanza kutembea bila kuyumba sana. Alizungumza bado, lakini kwa kupayuka, na maneno ya mwisho wa sentensi yalikuwa yanapotea. Kwenye basi watu waligeuka kumtazama. Mwanamke mmoja aliniambia, "Baba, mfunze mtoto wako asipige kelele," nikamwambia samahani.

Lungalunga, upande wa Kenya, tulipanga mstari mbele ya dirisha la uhamiaji. Ofisa alikuwa kijana mchangamfu. Aliona jina la mtoto katika pasi ya mama yake, akainama dirishani.

"Unaitwa nani, mrembo?"

"Martina," Debora akajibu.

"Sijakuuliza wewe, mama. Namuuliza mtoto. Nyinyi watu mnavuka na watoto, sisi hatujui ni wa nani."

Mstari mzima ukamtazama Martina. Aliona amesemeshwa. Alitazama mdomo wa yule ofisa, akafikiri, akachagua jibu ambalo watu wazima huwa wanalitaka.

"Miaka sita!" akapiga kelele.

Watu wakacheka. Yeye aliwaona wanacheka, naye akacheka nao, akaninyooshea vidole sita nimhakikishie. Ofisa hakucheka. Alinitazama mimi, sasa kwa shaka, pasi ameishika mkononi.

"Mbona mtoto anajibu kingine?"

Debora aligeuka, akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Aliningoja mimi.

"Hasikii," nikasema.

"Amezaliwa hivyo?"

"Hapana."