Kiraka Kwenye Tumbo la Puto

Tangu Jumapili Mama hakuwa na habari nyingine ila kile chombo. Alikuwa anaanua nguo jioni, akatazama juu, akaona kitu kirefu cha kijivu, kikubwa kuliko shule, kimetulia angani bila mlio. Mtaa mzima ukapata cha kuongea. Wengine walisema ni wageni kutoka sayari nyingine. Wengine walisema bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa, na mwanawe wa kiume, ambaye hatazami juu ila kuona kama mvua itamchafulia gari, akawa upande wao.

Asubuhi hii alikuja kumpeleka Mama hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Wamlaze kidogo wamwangalie," alimwambia dada yake, akatoka kupanga mizigo garini.

Dada mtu alibaki kwenye kochi, roho juu. Alijua fika kile ni nini. Kazi yake, ambayo nyumbani aliiita kushona mahema, ilikuwa kutia viraka puto la jeshi, lile refu lenye injini, linalopaa juu kabisa kupeleleza. Alikuwa amekula kiapo: ukifungua mdomo, hata kwa mzazi, ni jela. Jumapili hitilafu ililishusha puto chini ya mawingu, na wakubwa wake walifurahi sana kusikia watu wakisema viumbe wa ajabu. Walipewa uongo wa bure, hata kuutunga hawakuutunga.

"Mama, mwambie tu kaka hukuona kitu," alimsihi.

"Nimeona, mwanangu. Na hao wa sayari nyingine ni porojo. Kilishuka mpaka nikaona kiraka tumboni, kikubwa kama mlango. Pembe zake zimekatwa mviringo zisibanduke, kama vile nilivyokufundi..."

Binti alijua kiraka hicho ni chake. Pale karakana wenzake wote walikata viraka pembe nne. Ni yeye peke yake aliyekata hivyo, kwa mazoea ya nyumbani, wala hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angeweza kumjua kwa mkono wake. Mama alimtazama kucha zilizoganda gundi, kisha akamtazama usoni.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Sijakuuliza."

Kaka mtu aliingia, funguo mkononi. Mama akajifunga kitambaa kichwani vizuri, akasimama.

"Ulisema kweli, baba. Siku hizi naona vitu visivyokuwepo. Twende."

Kijana alishusha pumzi, akamshika mkono kwa upole ambao hakuwa nao wiki nzima. Binti aliwafuata mpaka garini. Maneno yalimjaa mdomoni, na aliogopa jela, na alijionea aibu kwa kuogopa. Alimfunga Mama mkanda.

"Nenda kazini," Mama alisema. "Utachelewa."

Binti akaenda.