Lupango Iliyoota Majani

"Mama Béata, kila mwaka unajenga lupango yako na miti ya kukauka, na kila mwaka muchwa unaila. Kwa nini hupandi muvumu kama sisi wengine?"

Mukashema, jirani yake, aliuliza hivyo siku moja akiwa amesimama kwenye mulango, mukono mumoja kiunoni, mwingine umeshika muhindi wa kuchoma. Halikuwa swali baya. Pale Nyamitaba kila muntu anajua kazi ya muvumu. Unakata tawi bichi, unalisimamisha katika udongo, unalifunga pamoja na wenzake, na baada ya wiki chache lupango yako, ule uzio wa kuzunguka nyumba, inatoa majani na haihitaji tena kujengwa.

"Muvumu unakawia," Epiphanie alijibu.

"Unakawia! Dada, wewe uliona wapi muvumu wa kukawia? Wangu niliupanda Pasaka, na Pentekoste mbuzi alikuwa anakula majani yake!"

Mukashema alicheka hata muhindi ukamukwama. Epiphanie alicheka kidogo pia, kwa heshima ya ujirani, kisha akaendelea kufunga miti yake mikavu. Hakumwambia kwamba alikwisha kupanda lupango ya muvumu mara moja katika maisha yake, na kwamba hiyo moja ilimutosha.

Aliipanda na Mbonigaba, mume wake, mwaka ule wa ndoa yao, kule chini kwenye mawe meusi yaliyomwagwa na mulima wa moto. Mbonigaba alikata matawi, yeye akafunga kamba. Walikaa ndani ya duara ile miaka sita. Halafu Mbonigaba akashikwa na kifua, na siku ya tisa akafa. Ndugu zake walimuzika ndani ya lupango, kushoto kwa mulango, wakapanga mawe meusi juu yake ili fisi wasimufukue. Mwaka haukuisha, wakuu wakafika na kamba za kupimia. Wakasema kuanzia hapa mupaka kule ni Parki, ni mahali pa nyama wa pori, watu wachukue vitu vyao waende. Epiphanie alichukua mutoto wake Béata mugongoni, jembe, chungu kimoja na rozari. Alipogeuka mara ya mwisho aliona miti ya lupango imetoa majani mapya, kama vile yenyewe haikusikia habari.

Toka hapo hakurudi. Parki haikuwa mahali pa kwenda kusalimia. Alifika Nyamitaba, akapewa kipande cha shamba kwenye mutelemuko, akamukuza Béata, na Béata akaolewa na mufanyabiashara wa Mpofi, huko Walikale, ndani ya pori kubwa. Miaka ine sasa Béata hajafika kumuona mama yake. Wakati wa Noeli ilikuja barua moja kwa mukono wa katekista, imeandikwa kwa penseli, na Epiphanie aliisoma hata mukunjo wake ukatoboka. Siku zingine zote alikuwa na kuku wanne, misa ya Jumapili, na kazi ya kufagia ile nyumba ya wageni ambayo wazungu wanaiita gîte.

Katika kiangazi cha mwaka wa 1954 alifika mule ndani muzungu mumoja pamoja na karani wake, Hilaire. Watu walimwita Bwana Magoti, maana alivaa kaptula fupi na magoti yake yalikuwa mekundu kama nyanya. Alikuwa na motoka nzuri, na kazi yake kubwa ilikuwa kuiacha njiani na kutembea kwa miguu.

"Iko na motoka na anatembea!" Mukashema alimunongoneza Epiphanie kisimani. "Mimi wangenipa motoka, hata chooni ningeenda nayo."

Safari aliyokuwa anaipanga ilikuwa ya wiki tatu. Epiphanie aliisikia yote akipitisha chai, maana Bwana Magoti alipenda kuisema kwa sauti huku kidole kikitembea juu ya karta, ile ramani yake. Kwanza motoka itashuka Lushebere, ipite Masisi, iende mupaka Mpofi, na pale watatembea siku tano ndani ya pori la Walikale. Halafu watarudi, wavuke Sake, waingie Parki na kutembea siku sita kati ya mawe meusi. Mwisho watavuka Ruanda kwenda kuona Parki ya pili, ile ya Kagera. Hilaire aliandika kila kitu: saa za kutembea, mahali pa kulala, mizigo, majina ya wabebaji kumi na wawili na mupishi mumoja.

Siku ya pili Epiphanie aliweka sahani ya viazi juu ya meza, na macho yake yakaangukia picha.

Ilikuwa picha ambayo Bwana Magoti mwenyewe alipiga mwaka uliopita. Ilionyesha miti mikubwa imesimama kwa duara, majani yake yamegusana juu. Upande mumoja palikuwa na nafasi, kama mulango. Na muti wa pili kutoka kwenye ile nafasi uliinama kwa nje.

Epiphanie aliutambua. Ule muti alikuwa ameufunga yeye, peke yake, wakati Mbonigaba alikwenda kutafuta kamba. Mbonigaba aliporudi aliuangalia, akacheka: "Huu wako umelewa." Alitaka kuung'oa na kuusimamisha upya, na yeye akakataa. Sasa ulikuwa muti munene kuliko muntu, na bado ulikuwa umelewa.

"Ajabu, hapana?" Bwana Magoti alisema kwa Kiswahili chake. "Duara kabisa! Nani alipanda? Tembo? Watu ya zamani sana?"

"Labda malaika, Bwana," Hilaire alisema, na wote wawili wakacheka.

"Lakini maji hakuna. Mwaka ile tulilala kiu. Hilaire, kata hii kambi. Tupite juu."

Hilaire aliinua kalamu. Epiphanie akasikia sauti yake mwenyewe:

"Maji iko."

Walimutazama. Katika siku mbili zile hawakuwa wamemusikia akisema zaidi ya "karibu" na "aksanti".

"Wewe unajua hapo?" Bwana Magoti aliuliza. "Ulikaa?"

Kabla Epiphanie hajafungua kinywa, Hilaire aligonga kikombe kwa kiwiko, chai ikamwagika, na katika kupanguza meza akamusukuma Epiphanie mupaka jikoni.

"Mama, sikiliza vizuri," alisema polepole. "Ukisema ulikaa kule, jina lako haliingii. Sheria njo hivyo. Muntu aliyetolewa mule haruhusiwi kurudi, hata kwa kubeba chumvi. Wanaogopa ataanza kusema shamba ni yangu. Lakini ukisema ulipita tu, ulitafuta kuni, njo unaweza kuwa muonyesha maji. Na mupishi anahitaji musaidizi. Unataka kwenda ao hutaki?"

"Mutapitia Mpofi kweli?"

"Tutalala Mpofi siku mbili."

Epiphanie alishika mukono wa sufuria bila kuona kama ulikuwa wa moto. Mpofi, kwa Béata. Halafu Mbonigaba. Wote wawili katika safari moja, na kwa motoka.

Alirudi mezani.

"Nilipita kule zamani," alisema. "Nilitafuta kuni."

"Unaweza kueleza maji iko wapi?"

"Kueleza haiwezekani, Bwana. Lazima nifike kwa miguu yangu."

Hilo lilikuwa la uongo zaidi kuliko la kwanza, maana maji yale mutoto wa miaka sita angeweza kuyaeleza. Bwana Magoti alifurahi. Hilaire akaandika: Epiphanie, mujane, wa kuonyesha maji na kusaidia jikoni.

Siku zile tatu zilizofuata hakuna aliyemutambua. Alifua kitenge chake kizuri. Alikwenda kwa mukubwa wa kilima kuomba karatasi ya njia, akapewa. Alimupatia Mukashema kuku wote wanne awachunge.

"Na mayai?" Mukashema aliuliza.

"Kula."

"Ee! Mama Béata anatoa mayai! Wewe unakwenda Mpofi ao unakwenda mbinguni?"

"Nitafika Mpofi. Nitamuona mutoto."

"Umupe salamu zangu. Umuambie miaka ine ni mingi, hata kwa muntu wa pori." Mukashema aliangalia kuku, halafu akamuangalia yeye. "Na kwingine?"

"Kwingine ni kazi tu."

Lakini alipoketi na rozari, vidole vilikuwa vinasimama. Padri alikuwa anafika Nyamitaba mara moja kwa mwezi, na mwezi ule alikwisha kupita. Epiphanie alimuambia Mungu yeye mwenyewe: Nilisema nilipita. Wewe unajua sikupita, nilikaa. Lakini nikifika kule nitapiga magoti, nitasema kweli yote pale pale, mbele yako na mbele yake. Alingoja kidogo kama muntu anayengoja jibu la mulangoni. Kisha akamaliza fungu lake, akalala.

Siku ya mwisho ya maandalizi, mchana, Bwana Magoti alitandaza karta nyingine ndogo, aliyoichora yeye kwa kila kambi. Alitaka kila muntu ajue kazi yake na mahali pake. Wabebaji walikuwa nje wanapima mizigo. Ndani walikuwa yeye, Hilaire na Epiphanie.

"Kambi ya tatu," alisema, na kidole kikagusa duara. "Tutakaa siku tatu, sababu sasa maji iko. Tente yangu hapa katikati. Wabebaji hapa. Na jikoni, Mama, jikoni yako ni hapa."

Alikuwa ameweka alama nyekundu kushoto kwa ile nafasi.

"Hapa iko mawe tayari," aliendelea kwa furaha. "Imepangwa vizuri, mingi, kama mafiga. Mwaka ile hatukupika sababu ya maji, lakini niliandika: muzuri kwa moto. Mutachukua mawe ya juu, mutafanya majiko matatu, mane. Hakuna kutafuta."

Epiphanie aliitazama ile alama. Ilikuwa ndogo, haikupita punje ya harage.

Akili yake ilikimbia. Angeweza kunyamaza. Angefika kule, aseme upepo unatoka upande ule, tupikie kulia. Mupishi angekubali ao angekataa. Na kama angekataa? Angepiga magoti pale kama alivyoahidi, lakini kwa kupuliza moto. Aliona mikono ya wabebaji ikiinua mawe moja moja, yale ambayo shemeji zake waliyabeba kwa vichwa wakilia.

Hilaire alikuwa anamuangalia juu ya karatasi. Kichwa chake kilisogea kidogo sana: hapana, Mama.

"Nitaandika habari ya hii mahali kwa gazeti ya kwetu," Bwana Magoti alisema. "Hilaire, weka chini ya picha: miti ya ajabu, imeota yenyewe, hapana muntu aliyekaa hapa hata siku moja. Njo kweli, Mama? Wewe ulipita. Uliona muntu?"

Nje mubebaji mumoja alikuwa anamucheka mwenzake kwamba muzigo wake ni mwepesi kama ndoa ya kwanza. Epiphanie alisikia kila neno. Alisikia na kuku aliowaacha kwa Mukashema, ambao bado walikuwa wake.

"Nilikaa mule," alisema. "Miaka sita. Hii miti ni lupango yetu. Mbonigaba alikata, mimi nilifunga. Huu wa kuinama ni wangu. Na mawe yale si mafiga, Bwana. Ni yeye."

Hilaire aliinamisha macho.

Bwana Magoti hakuelewa mara moja. Aliuliza Hilaire kwa Kifaransa, na Hilaire akamujibu kwa maneno machache, akiyatoa kama muntu anayetema miiba. Halafu muzungu alikaa chini. Uso wake ulikuwa mwekundu kama magoti. Alichukua ufutio wake, akaufuta ule wekundu kushoto kwa mulango, polepole, hata karatasi ikabaki na doa jeupe.

"Pole, Mama," alisema. "Hatutapika hapo."

Lakini ufutio ulibaki mukononi. Alivuta ile orodha ya majina kutoka mbele ya Hilaire, akaweka kidole kwenye jina la Epiphanie.

"Ni sheria, Mama. Wataniuliza kwenye mulango ya Parki. Mimi najua sasa, siwezi kusema sijui."

"Hata mimi sikuweza," Epiphanie alisema.

Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino, kwa hiyo ufutio haukulitoa. Hilaire ndiye aliyelikata kwa kalamu. Mustari wake ulipita mupaka juu ya neno mujane.

"Motoka itapita Mpofi," Hilaire alisema bila kuinua kichwa. "Nitamufikishia Béata salamu. Nitamufikia mwenyewe, mulangoni kwake."

"Umuambie niko muzima."

Alianza kukusanya vikombe. Bwana Magoti alikuwa ameichukua tena karta na kalamu, na Epiphanie aliona kalamu inakwenda kwenye kambi ya tatu. Hakukuwa tena na muonyesha maji. Ingekatwa, na watu kumi na watano wangepita juu kwa kiu, na duara ile ingebaki peke yake kama ilivyobaki miaka yote hii.

Aliweka vikombe chini.

"Mulango uko upande wa kutokea jua," alisema. "Ukitoka, uhesabu hatua mia moja, ushike mukono wa kuume. Kuna jiwe pana limelala. Mbonigaba aliyafunika maji na lile jiwe ili nyama wasichafue. Watu wawili wakilisukuma linatoka. Munywe, na mulirudishe."

Kalamu ilisimama hewani.

"Kwa nini unaniambia sasa?" Bwana Magoti aliuliza. "Huendi."

Epiphanie alipanga vikombe kimoja juu ya kingine, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akatoka.